Asiransi inakataa kilo, je, inaweza kukataa sukari?



Kila mwaka tunapita mbele ya mganga wa kazi. Anatupima macho, masikio, mapafu na damu, na mwishoni tunapanda juu ya mizani. Zamani watu waliogopa mapafu, kwa sababu ya vumbi la mawe. Siku hizi wako wanaoogopa mizani.

Mwenzetu mmoja, mwendeshaji wa mashini ya kupakia mawe, alipanda pale mwaka jana. Mizani ikasema kilo 118. Urefu wake ni mita 1 na sentimita 68. Waliokuwa nyuma yake katika mstari wakacheka, mmoja akamwita « bosi ». Yeye pia akacheka.

Jioni, ndani ya basi, akanieleza mengine. Ana sukari tangu miaka sita. Ana tansio. Usiku anakoroma mpaka bibi yake amehamia chumba cha watoto, na bibi huyo anasema kwamba mara nyingi pumzi inakatika, kimya kabisa, halafu inarudi kwa nguvu kama ya mtu aliyetolewa majini. Magoti yanamuuma akipanda ngazi za Kadutu, na ninyi wa Bukavu mnazijua ngazi zile: hata mbuzi anapumzika katikati.

Mganga wa hospitali moja ya mji alimwambia kwamba kwa mtu wa hali yake kuna operesheni ya tumbo inayoweza kusaidia, akamwandikia karatasi. Akaipeleka kwenye ofisi ya asiransi, yaani bima. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, mstari mmoja: matunzo ya unene, operesheni ya kupunguza uzito na kazi za urembo hazilipwi. Akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya Biblia, akanyamaza.

Mpaka hapo ningesema ni bahati mbaya. Lakini mwezi uliofuata alienda kuchukua dawa yake ya sukari, ile ile aliyokuwa akipewa siku zote. Mtu wa mezani akaona neno « obésité » kwenye karatasi ya mganga, akamrudisha. Miezi miwili mwenzetu alinunua dawa kwa mafranka yake mwenyewe. Mwezi wa tatu hakununua.

Ni juu ya mwezi ule wa tatu ninaandika leo.

Kwanza tuelewane juu ya neno unene. Kwetu mtu akinenepa tunasema amepata, Mungu amemkumbuka. Kijana akioa, na baada ya mwaka tumbo halijaonekana, shangazi zake wanamwuliza bibi kama anapika. Simcheki mtu hapa, mimi pia nimelelewa hivyo. Lakini mganga hapimi heshima, anapima hatari. Anachukua kilo za mtu, anazigawanya kwa urefu wake uliozidishwa kwa urefu wake. Kwa mwenzetu: 1,68 mara 1,68 ni 2,82. Gawanya 118 kwa 2,82, unapata karibu 42. Shirika la Afya Duniani linasema kutoka 25 mtu amezidisha uzito, kutoka 30 ni unene wa ugonjwa. Na neno ugonjwa sikulitunga mimi. Katika kitabu cha kimataifa ambacho hospitali zinatumia kuandika majina ya magonjwa, unene una namba yake, E66, kama vile sukari na tansio zilivyo na namba zao. Hakuna kitabu cha waganga kinachouweka pamoja na kupaka rangi midomo.

Basi kwa nini karatasi ya asiransi inauweka pale?

Tukumbuke kwamba kadi hizi ni ngeni kwetu. Wazee waliofanya kazi Kamituga wakati wa MGL, na baadaye wakati wa SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976, hawakuonyesha kadi kwa mtu. Ukiugua ulienda kwa mganga wa kompani, naye alikujua kwa jina, wewe na watoto wako. Kulikuwa na matatizo mengine, wazee watawaeleza, lakini hilo la kadi halikuwepo. Kwa upande wa asiransi, nchi yetu ilikuwa na SONAS peke yake mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua mlango kwa kompani nyingine, na ruhusa za kwanza zikatolewa mwaka 2019. Tangu hapo waajiri wengi wameona ni rahisi kulipa asiransi kuliko kuwa na hospitali yao. Na kila mkataba wa asiransi una ukurasa wa mambo yasiyolipwa, umewekwa mwishoni, kwa Kifaransa kigumu na herufi ndogo. Sisi tunasaini kupokea kadi, ukurasa ule hatuuoni.

Asiransi ina sababu yake, tuiseme bila chuki. Inahesabu. Operesheni moja ya namna hii nje ya nchi ni maelfu ya dola. Inaogopa kwamba ikilipia mmoja, kesho watakuja wanaotaka tu suruali iwakae vizuri. Hiyo ninaielewa. Lakini kuna njia ya kumtenga anayetafuta urembo na mgonjwa: ni kipimo na cheti cha mganga. Kufunga mlango kwa wote wawili ni uvivu wa aliyeandika mkataba.

Si kwetu tu mambo yalikuwa hivyo. Marekani wana asiransi kubwa ya serikali kwa wazee na vilema, inaitwa Medicare. Mpaka mwaka 2004 kitabu chake kilisema wazi kwamba unene si ugonjwa. Mwaka ule maneno hayo yakafutwa. Kufuta maneno hakukumpeleka mtu hata mmoja kwenye meza ya operesheni, lakini kulifungua mazungumzo, na Februari 2006 Medicare ikakubali kulipia operesheni kwa mtu mwenye kipimo cha 35 na kuendelea, akiwa na ugonjwa mwingine unaotokana na uzito, na akiwa amejaribu matunzo mengine yakashindwa. Tazameni jinsi sharti lilivyo kali. Si kila mnene. Ila mlango upo, na mwenye ufunguo ni mganga, si karani.

Sasa sheria yetu wenyewe. Sheria ya kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika article ya 178, inasema kwamba mtumikaji akiugua, mwajiri anapaswa kumpa yeye na jamaa yake matunzo ya mganga, ya meno na ya upasuaji, pamoja na dawa na gharama za kulazwa hospitalini. Someni tena: ya upasuaji. Mwajiri anaweza kutuma asiransi ilipe mahali pake, hakuna ubaya. Lakini kutuma mtu akulipie deni si kumwachia deni. Ikiwa asiransi haikulipa, mtumikaji hamdai asiransi, anamuuliza mwajiri, kwa sababu sheria ilimtaja mwajiri. Mimi si wakili. Mkaguzi wa kazi yupo kwa ajili ya maswali kama haya, na wajumbe wetu wa sendika wanajua ofisi yake. Lakini ninaona ni aibu kwamba watu wengi kati yetu wanadhani ukurasa wa mwisho wa asiransi uko juu ya sheria ya nchi.

Je, ninataka kila mtu wa kilo 118 apasuliwe? Hapana. Na hapa ninajua nitawaudhi wale waliokwisha kuuliza bei ya ndege.

Operesheni yenyewe si kukata mafuta ya tumbo, kama wengi wanavyofikiri. Iko ya kukata mfuko wa chakula wenyewe: sehemu kubwa inatolewa, inabaki bomba jembamba. Iko nyingine ya kutengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo chini zaidi, chakula kisipite njia yake ya zamani. Zinafanya kazi, tusidanganyane. Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuata maelfu ya wanene, waliopasuliwa na wasiopasuliwa, na mwaka 2007 wakaandika kwamba waliopasuliwa walikufa wachache zaidi. Wengi sukari yao inashuka, wengine wanaacha dawa kwa miaka.

Lakini aliyepasuliwa anabaki mtu wa mganga maisha yake yote. Anameza vitamini B12, chuma na kalisi mpaka kufa. Anapimwa damu kila mara. Jeraha la ndani linaweza kuvuja siku za kwanza, na likivuja ni saa zinazohesabiwa, si siku. Mtu akienda India au Nairobi, akarudi Bukavu baada ya majuma mawili, nani atamfuata hapa? Vitamini zikikosekana dukani, atafanyaje? Na jambo ambalo watu hawaulizi: mikataba mingi ya asiransi, ikikataa operesheni, inakataa pia matatizo yanayotokana nayo. Umeuza kiwanja cha Panzi kwa ajili ya operesheni. Ukivuja damu, utauza nini? Mwenzetu alikuwa tayari na mnunuzi wa kiwanja. Nilimwomba angoje, na sijui mpaka leo kama nilifanya vizuri.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia ndogo zaidi: mwaka 2022 Hospitali ya Taifa Muhimbili, upande wa Mloganzila, ilianza kuweka puto ndani ya tumbo, bila kupasua, linakaa miezi kadhaa halafu linatolewa. Ni msaada wa muda. Mtu akirudia chakula cha zamani, kilo nazo zinarudi.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, vita yetu ya kwanza si operesheni. Ni lile neno moja lililofanya mtu akose dawa ya sukari. Mkataba unakataa « matunzo ya unene ». Sawa. Sukari si matunzo ya unene. Tansio si matunzo ya unene. Pumzi inayokatika usiku, magoti, moyo, vyote ni magonjwa yenye majina yao na namba zao. Hata dawa mpya zinaingia hapa: Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutide katika orodha ya dawa za lazima, kwa wagonjwa wa sukari wenye unene pamoja na ugonjwa wa moyo au wa figo. Bei yake bado ni ya kutisha. Lakini siku itakaposhuka, karani atasoma neno gani: sukari au unene? Tukiacha mkataba kama ulivyo, ninyi mnajua atasoma lipi.

Ukienda kwa mganga, basi, mwombe aandike magonjwa yako yote, moja moja, na asiishie kwenye neno unene. Hii si kumdanganya mtu, ni kuandika ukweli wote. Usipokee jibu la mdomo mezani. Omba karatasi yenye tarehe, yenye kutaja mstari wa mkataba uliotumika kukukatalia. Wengi wanarudishwa kwa mdomo na hakuna anayejua hata walienda. Peleka nakala kwa mjumbe wa sendika na kwa mganga wa kompani, kwa sababu mganga wa kompani akiandika barua, asiransi inajibu kwa adabu nyingine. Na usikatize dawa wakati unagombana. Hilo nalisema kwa herufi kubwa, hata kama mchapaji hataziweka.

Kuhusu mkataba wenyewe, unaandikwa upya kila mwaka. Wajumbe waombe ukurasa wa mambo yasiyolipwa usomwe mbele ya watumikaji kwa Kiswahili kabla ya kusainiwa. Maneno « matunzo ya unene » yafutwe, yaandikwe « operesheni na dawa za kupunguza uzito kwa urembo ». Na kwa mtu mwenye kipimo cha 40, au 35 pamoja na ugonjwa mwingine, waganga wawili waamue. Vipimo hivi waganga wa Marekani walivikubali tangu 1991, na mwaka 2022 vyama vyao vimevishusha zaidi. Tunaomba kidogo.

Wako watakaosema: watu wanakufa na malaria, wachimbaji wa mikono hawana kadi ya aina yoyote, na ninyi mnalilia wanene. Ninakubali kwamba mchimbaji wa mikono amesahauliwa, na zile mituele za afya za Bukavu ambazo watu wanachangia kidogo kidogo zingestahili ukurasa mzima. Lakini mwenye sukari anayekosa dawa miezi mitatu hafi kwa ajili ya unene. Anakufa figo, anakatwa mguu. Na mguu uliokatwa asiransi inalipa bila maneno.

Tena kuna jambo la usalama, na hapa kila mtu anahusika, hata mwembamba. Mtu ambaye pumzi yake inakatika usiku hajalala, hata kama amekaa kitandani saa nane. Saa tisa ya usiku, juu ya mashini ya tani nyingi, macho yanafunga yenyewe. Hatujui ni ajali ngapi tumeandika « uzembe » kumbe ni ugonjwa. Kuna mashini ndogo ya kusukuma hewa puani wakati wa kulala. Kwa Bukavu, umeme ukikatika nayo inanyamaza, kwa hiyo lazima betri. Na ninyi mnaopanda juu, tazameni kibandiko cha mkanda wa usalama. Mikanda mingi na kamba zake zimejaribiwa kwa uzito wa kilo 100, mingine kwa 140, pamoja na nguo na vyombo. Mtu wa 118 amefungwa mkanda wa 100 kwa sababu anaona haya kuomba mwingine. Mkuu wa timu asingoje aombwe.

Neno moja kwa jikoni, na si kwa mama peke yake. Kazi imebadilika, sahani haikubadilika. Baba zetu walitembea kilometa na sururu begani, wakala mlima wa bugali, wakauchoma wote kabla ya jioni. Sisi tunakaa kwenye kiti cha mashini saa kumi na mbili, tunakula mlima ule ule, tunateremsha na soda, na Jumamosi chupa za Primus zinapanga mstari. Bugali ipunguzwe iwe ngumi mbili, lengalenga na maharagwe viongezwe, sambaza wetu wa ziwa ni wazuri wakichemshwa, si wakiogeleshwa katika mafuta. Mtu akipunguza hata sehemu moja juu ya ishirini ya uzito wake, kilo sita kwa mwenzetu, sukari na tansio vinaanza kusikia.

Na mama, wasichana wetu wananunua sokoni vidonge vya kunenepesha, deksametazoni na siproheptadini, wakitafuta umbo. Deksametazoni inapandisha sukari na tansio, na ukiiacha ghafula mwili unaweza kuanguka. Tunaandika barua kwa asiransi juu ya unene, na katika mtaa ule ule mtu anaununua kwa kidonge. Vitupeni.

Mwenzetu amerudishiwa dawa ya sukari baada ya barua ya mganga wa kompani. Ilichukua majuma matano. Kwenye mizani ya mwaka huu alisimama kwenye 109, kipimo chake ni karibu 39, bado ana sukari, bado bibi yake analala chumba cha watoto. Kiwanja hakikuuzwa. Karatasi ya operesheni tumeitoa ndani ya Biblia, na wajumbe wataipeleka mezani siku mkataba utakapofunguliwa. Wenye karatasi kama hiyo, na ninajua mpo, zileteni kwa wajumbe kabla ya siku ile, hata bila jina.